Mbuzi, Kinu na Sufuria: Vyombo vya Jikoni vya Urithi na Swali la Umiliki katika Mwambao wa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inachunguza vyombo vya jikoni vinavyorithishwa katika familia za mwambao wa Afrika Mashariki kama ushahidi wa kihistoria. Vyombo vinavyojadiliwa ni mbuzi ya kukunia nazi, kinu na mchi, chungu, sinia na sufuria ya shaba. Hoja kuu ni kwamba chombo cha urithi hubeba historia mbili ambazo mara nyingi huchanganywa: historia ya aliyekimiliki na historia ya aliyekitumia. Kwa muda mrefu watu hao wawili hawakuwa mtu mmoja. Makala inatumia ushahidi wa kiakiolojia, maandishi ya wasafiri na wenyeji, msamiati wa Kiswahili, na kanuni za mirathi za madhehebu ya Shafii, ili kuonesha kwamba neno “urithi wa familia” linahitaji kuhojiwa kabla ya kutumiwa na mwanahistoria.

1.0 Utangulizi

Katika nyumba nyingi za mwambao, kuanzia Lamu hadi Kilwa, na katika visiwa vya Unguja na Pemba, hakosi kupatikana chombo kinachoitwa “cha bibi”. Pengine ni mbuzi ambayo kibao chake kimelainika kwa kukaliwa, au kinu ambacho tumbo lake limepanuka kwa kutwangiwa. Pengine ni sinia la shaba linaloteremshwa kwa ajili ya maulidi na harusi tu, kisha likafutwa na kurudishwa mahali pake. Chombo kama hicho hakiuzwi kwa urahisi, na anayekiazima huulizwa lini atakirudisha.

Wanahistoria wa mwambao wameandika mengi kuhusu milango iliyochongwa, nyumba za mawe, misikiti na majahazi. Jiko limepata nafasi ndogo zaidi. Sababu moja inaeleweka: mlango hubaki mahali pake na hutazamwa na kila apitaye njiani, ilhali chombo cha jikoni huhama na hukaa ndani. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Mlango ulihesabiwa kuwa mali ya mwenye nyumba na heshima yake. Kinu kilihesabiwa kuwa kifaa cha kazi. Upungufu huu umeingia hata katika sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanganyika ya mwaka 1964 inaitaja kwa jina milango ya mbao na miimo yake iliyochongwa kabla ya mwaka 1940 kuwa miongoni mwa vitu vinavyolindwa. Mbuzi na kinu havikupata kutajwa hivyo. Hifadhi yavyo hutegemea maelezo ya jumla ya vitu vya utamaduni.

Makala hii inaongozwa na maswali matatu. Kwanza, vyombo hivi vilifikaje katika majiko ya mwambao? Pili, vilipitaje kutoka kizazi kimoja hadi kingine? Tatu, ni mikono ya nani iliyovitumia?

2.0 Ushahidi wa Lugha

Neno “chombo” lenyewe ni mahali pazuri pa kuanzia. Katika Kiswahili neno hilo hutaja kifaa cha nyumbani, na pia hutaja jahazi. Maana zote mbili zinakutana katika wazo la kitu kinachobeba. Wingi wake, “vyombo”, hutumika kwa sahani na sufuria, lakini pia kwa samani zote za nyumba. Bibi harusi anapopelekewa vyombo, vya jikoni na vya chumbani huhesabiwa pamoja.

Majina ya vyombo mahususi yanaonesha njia mbili za asili. Chungu, mtungi, kinu, mchi, mwiko, upawa na ungo ni maneno ya Kibantu, na vitu vinavyotajwa hutengenezwa kwa udongo, mti, kifuu na ukindu. Sufuria, sinia, sahani na birika yaliingia kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Sufuria linatokana na neno la Kiarabu la shaba ya njano. Kwa hiyo jina lilitaja madini kabla ya kutaja umbo. Leo sufuria ya alumini huitwa sufuria, na hakuna anayehisi kwamba jina linapingana na kitu. Sinia nalo limetokana na jina la Kiarabu la nchi ya China. Jina hilo limebaki kwenye sinia la shaba na hata la plastiki, kama kumbukumbu ya vyombo vilivyosifiwa kwa asili yake ya mbali.

Mbuzi ina hadithi yake ya kisarufi. Mnyama husemwa “mbuzi huyu”, na kifaa husemwa “mbuzi hii”. Upatanisho wa kisarufi ndio unaotenganisha mnyama na kifaa. Umbo la kifaa linaeleza jina: kibao kilichoinuliwa kwa miguu, na mbele yake shingo ya chuma inayoishia katika meno. Mbuzi zinazokunjwa hufanana na marufaa ya kuwekea msahafu. Vifaa vya namna hiyo, ambavyo mtu huvikalia na kukuna nazi mbele yake, vinajulikana pia Kusini mwa India, Sri Lanka na Maldivi. Hivyo mbuzi ni kifaa cha Bahari ya Hindi nzima, hata kama kila pwani imekipa jina lake.

3.0 Ushahidi wa Vigae na Maandishi

Uchimbaji wa Neville Chittick huko Kilwa, uliochapishwa mwaka 1974, na ule wa Mark Horton huko Shanga katika kisiwa cha Pate, uliochapishwa mwaka 1996, ulitoa vigae vingi vya vyombo. Vyombo kutoka China, Uajemi na Uarabuni viliwavutia watafiti wa awali kwa sababu vilisaidia kukadiria tarehe. Lakini vyombo hivyo ni sehemu ndogo ya vigae vyote. Sehemu iliyo kubwa ni ya vyungu vilivyofinyangwa hapa hapa. Kwa maneno mengine, mji uliojulikana ng’ambo kwa biashara ya dhahabu na pembe za ndovu ulipika chakula chake cha kila siku katika udongo wa nyumbani.

Jeffrey Fleisher, katika makala yake ya mwaka 2010 kuhusu karamu za mwambao, aliangalia mabadiliko kutoka mitungi na vyungu vya kupikia kwenda kwenye ongezeko la mabakuli ya kuandalia. Hoja yake ni kwamba kulisha watu hadharani kulikuwa njia ya kujenga mamlaka. Hoja hiyo ina maana kubwa kwa mada hii. Bakuli lililoonekana na wageni liliingia katika siasa za mji. Chungu kilichobaki jikoni hakikuingia. Mgawanyiko kati ya chombo cha kuonesha na chombo cha kufanyia kazi ni wa kale kuliko sinia lolote linalohifadhiwa leo.

Ibn Battuta, aliyepita mwambao huu mwaka 1331, ameacha maelezo ya chakula alichoandaliwa Mogadishu: wali uliopikwa kwa samli, ukawekwa katika sahani kubwa ya mti, na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga juu yake. Anataja pia ndizi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu na pilipili za achari, tangawizi mbichi na embe. Anataja chakula, chombo na mwenyeji wake. Hamtaji aliyepika. Si kosa lake peke yake. Mgeni wa kiume wa wakati huo alifika barazani, hakufika jikoni.

Nyumba za mawe zilikuwa na zidaka, yaani vishubaka vilivyojengwa ndani ya kuta, ambamo vyombo vya kauri vilipangwa. Bakuli za kauri ziliwekwa pia katika makaburi, kama yale ya Kunduchi karibu na Dar es Salaam. Utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika kuomboleza majumba ya Pate yaliyobomoka, unaviweka vidaka vilivyokuwa na vyombo miongoni mwa dalili za utajiri uliopita. Mshairi alijua kwamba msomaji wake angeelewa mara moja: kidaka kitupu ni ukoo uliokwisha. Hakuna utenzi mashuhuri uliochagua kinu kilichopasuka kuwa alama ya jambo hilo hilo, ingawa kinu kinapoachwa kutwangiwa nyumba imekwisha kwa namna iliyo dhahiri zaidi.

4.0 Mirathi, Hiba na Kinu Kisichogawanyika

Waislamu wa mwambao kwa sehemu kubwa hufuata madhehebu ya Shafii, na mirathi yao huongozwa na mafungu yaliyowekwa katika Sura ya An-Nisaa. Aya ya saba ya sura hiyo inathibitisha haki ya wanaume na ya wanawake katika kilichoachwa na wazazi na jamaa, kiwe kidogo au kingi. Neno “kidogo” lina uzito katika mjadala huu. Kwa mujibu wa sheria, kinu cha marehemu ni sehemu ya tarika sawasawa na shamba lake la minazi.

Mfano unaweza kusaidia. Mwanamke akifariki na kuacha mume, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, mume hupata robo. Robo tatu zinazobaki hugawanywa ili mwanamume apate mafungu mawili kwa kila fungu la binti. Mtoto wa kiume hupata sehemu tatu za nane za mali yote, na kila binti sehemu tatu za kumi na sita. Shamba huweza kupimwa na kukatwa. Mbuzi haikatwi. Ili kila mrithi apate haki yake, ama vyombo vithaminiwe na kuhesabiwa katika fungu la mmoja wao, ama viuzwe na fedha zigawanywe, ama warithi waridhiane.

Kwa kuwa vyombo hivi hupatikana leo mikononi mwa mabinti na wajukuu wa kike, inafaa kuuliza vilifikaje huko. Sheria inaacha milango miwili iliyo wazi. Wa kwanza ni ridhaa: ndugu wa kiume huacha haki zao katika vitu ambavyo hawana matumizi navyo. Wa pili ni hiba. Mama akiwa hai anaweza kumpa binti yake chombo, na hiba hukamilika binti anapokipokea na kukishika. Wasia haukidhi haja hiyo kwa urahisi, kwa sababu mrithi hausiiwi mali bila ridhaa ya warithi wenzake, na wasia kwa mtu mwingine hauvuki theluthi ya mali.

Hapa ndipo desturi ya kumpelekea bibi harusi vyombo inapopata maana ya kisheria. Chombo alichokabidhiwa binti siku ya arusi kimekwisha kutoka katika mali ya mama yake. Hakitasubiri kifo wala hakitagawanywa kwa mafungu. Kinachoonekana kuwa sherehe tu ni pia njia ya kuhamisha mali kutoka kwa mwanamke kwenda kwa mwanamke, mbele ya mashahidi, bila karatasi. Ufanisi wa njia hiyo ndio udhaifu wake kwa mwanahistoria: kadhi aliitwa penye ugomvi, na hiba iliyokubalika na wote haikuacha maandishi. Ukimya wa nyaraka kuhusu vyombo vya jikoni kwa hiyo hauthibitishi kwamba havikuwa na thamani. Huenda unathibitisha kwamba mfumo ulifanya kazi.

5.0 Nani Aliyekaa juu ya Mbuzi?

Maelezo yaliyotolewa hadi hapa yanaweza kuleta picha nzuri kupita kiasi: mama anampa binti, binti anampa mjukuu, na kinu kinaendelea. Kwa familia nyingi za kawaida picha hiyo ni ya kweli. Kwa nyumba kubwa za karne ya 19 ina pengo.

Emily Ruete, aliyezaliwa Sayyida Salme binti Said huko Unguja, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Anakadiria kwamba jumba la baba yake la Mtoni lilikuwa na watu wapatao elfu moja. Jumba la namna hiyo lilihitaji nazi kukunwa, mpunga kutwangwa na maji kuchotwa tangu alfajiri. Kazi hiyo haikufanywa na mabinti wa Sultani. Ilifanywa na watumwa, na katika nyumba za mjini zilizokuwa ndogo kuliko hiyo, ilifanywa hasa na vijakazi. Utendi wa Mwana Kupona binti Msham, uliotungwa yapata mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, ni wosia wa mwanamke wa tabaka la juu kuhusu mwenendo wa mke. Nyumba anayoifikiria ni nyumba yenye watumishi.

Kwa hiyo ulaini wa kibao cha mbuzi katika nyumba kama hiyo ni alama iliyoachwa na mwili wa mtu ambaye jina lake halimo katika nasaba ya wamiliki. Mmiliki alirithi kibao. Mjakazi ndiye aliyekilainisha. Anayesema leo “hii ni mbuzi ya bibi” husema kweli kuhusu umiliki, na pengine hasemi kweli kuhusu matumizi.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa Unguja na Pemba mwaka 1897, lakini masuria hawakuingizwa katika amri hiyo hadi mwaka 1909. Katika mwambao wa Kenya hatua hiyo ilichukuliwa mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Waachwa huru wengi walihamia Ng’ambo ya mji wa Unguja, wakaanzisha majiko yao. Kwa mara ya kwanza wengi wao walimiliki chungu walichokipikia.

Hata hivyo kuachwa huru hakukufuta uhusiano wa mirathi. Katika fikihi, aliyemwacha mtumwa huru, na baada yake jamaa zake wa kiume, alikuwa na haki ya walaa. Mwachwa huru akifa bila jamaa wa kiume wa damu wanaostahiki mabaki ya mali, mabaki hayo yalimwendea bwana wa zamani. Mwanamke aliyeachwa huru akifariki na kumwacha binti mmoja tu, binti huyo alipata nusu kwa fungu lake, na nusu iliyobaki ingeweza kudaiwa na ukoo uliomwacha huru mama yake. Kinu, sufuria na mtungi wa nyumba ya Ng’ambo vilikuwa ndani ya hesabu hiyo.

Katika mazingira hayo, hiba ya mama akiwa hai ilikuwa na uzito kuliko katika nyumba ya mwungwana. Kumkabidhi binti sufuria mapema kulikuwa kuitoa sufuria hiyo katika dai la walaa. Haidaiwi hapa kwamba kila mama aliyetoa chombo alifanya hesabu ya kisheria. Linalodaiwa ni kwamba kitendo kile kile cha kumpa binti chombo kilikuwa na matokeo tofauti kulingana na hadhi ya mtoaji. Kwa mwungwana kilikwepesha ugomvi wa ndugu. Kwa mwachwa huru kiliweza kumaliza dai la bwana.

Suria naye huongeza utata. Suria aliyemzalia bwana wake hakuweza kuuzwa, na alikuwa huru bwana alipofariki. Mtoto wake alikuwa huru na mrithi kamili wa baba. Chombo kilichotoka kwa baba kwenda kwa mtoto huyo kilipita katika ukoo mmoja kwenye karatasi, na katika jiko la mwanamke mwingine kabisa katika maisha. Ujuzi wa kukitumia, namna ya kutia viungo na kukadiria tui, ulitoka upande ambao nasaba rasmi haikuutaja.

6.0 Kutoweka na Kuhifadhiwa

Alumini ilianza kupatikana kwa bei nafuu duniani baada ya njia ya kuizalisha kwa umeme kugunduliwa mwaka 1886. Katika karne ya 20 sufuria za alumini zilienea Afrika Mashariki, za viwandani na baadaye za mafundi wa Gikomba jijini Nairobi na Gerezani jijini Dar es Salaam. Ni nyepesi, huchemka haraka, na hazihitaji kupakwa bati ndani kama shaba. Wahenga husema kipya kinyemi kingawa kidonda. Lakini katika suala hili kipya kilikuwa pia nafuu kwa mgongo wa mwanamke aliyenyanyua sufuria. Mashine ya kusaga na tui la pakiti vimefanya vivyo hivyo kwa mbuzi na kinu. Kutoweka kwa vyombo hivi kusisimuliwe kama hasara tupu, kwa maana saa zilizookolewa ni za watu wale wale ambao historia haikuzihesabu.

Shaba ya zamani iliyotoka jikoni ina njia kuu mbili: kuyeyushwa, au kuuzwa katika maduka ya vitu vya kale. Duka huondoa jina la mwenye chombo, kwa kuwa mnunuzi hununua umri na umbo. Baada ya Mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964, familia zilizohamia Omani, nchi nyingine za Ghuba na Uingereza zilibeba zilichoweza kubeba. Birika huingia katika sanduku; kinu cha mti hubaki. Kwa hiyo hata mkusanyiko wa vyombo vilivyosalia umechujwa na uzito na ukubwa, na mtafiti anayehesabu vilivyobaki apaswa kukumbuka visivyobebeka.

Majumba ya makumbusho ya Lamu na Unguja yamehifadhi vyombo vya nyumbani, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo kibandiko kinachotaja jina la chombo na mahali kilipotoka kinajibu swali la nini na wapi. Swali la nani linahitaji hatua nyingine. Inapendekezwa kwamba chombo kinapopokelewa, maelezo mawili yaandikwe mbalimbali: mlolongo wa waliokimiliki, na mlolongo wa waliokitumia kwa kadiri unavyojulikana. Pale ambapo mlolongo wa pili haujulikani, nafasi yake iachwe wazi katika kumbukumbu badala ya kujazwa na wa kwanza. Ni vyema pia matengenezo yaandikwe: mbuzi nyingi zina kibao cha kizazi kimoja na meno ya chuma ya kizazi kingine, na mhunzi aliyebadilisha meno ni sehemu ya historia ya kifaa.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba vyombo vya jikoni vya mwambao vimetokana na ufinyanzi na uchongaji wa wenyeji pamoja na biashara ya bahari, na kwamba msamiati wake umehifadhi njia hizo mbili. Imeonesha pia kwamba urithishaji wake kwa mabinti haukuwa nje ya sheria wala kinyume chake. Ulipita katika mlango wa hiba na wa ridhaa, na kwa sababu hiyo haukuacha nyaraka nyingi. Mwisho, imedai kwamba katika nyumba zilizotumia watumwa, umiliki na matumizi ya chombo vilikuwa historia mbili, na kwamba hiba ya chombo katika familia ya waachwa huru ilikuwa na maana ambayo haikuwepo katika familia ya waungwana.

Jifya moja haliinjiki chungu. Historia ya chombo nayo haisimami kwa jina la mwenyewe peke yake: yapo mafiga mengine mawili, yaani aliyekitengeneza na aliyekitumia. Mtafiti atakayeingia jikoni na kuuliza majina hayo mawili mapema, wakati wazee wanaoyakumbuka bado wapo, atakuwa ameokoa kitu ambacho hakuna jumba la makumbusho linaloweza kukinunua baadaye.